Kopo la Springi

Kila Mei, shule zikianza kumwaga chokaa uwanjani,
Mwalimu Sempombe huniletea bastola ndani ya mfuko wa unga
pamoja na barua ya polisi wa Chumbageni, mihuri miwili,
kwamba hii haiui, hii hupiga kelele tu.
Mimi ni fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne.
Chuma ni chuma, alisema, nami sikumbishia.

Naifungua juu ya gazeti la juzi:
kitako cha mbao kilichopasuka, kimefungwa uzi wa katani,
nyundo, pini, kifyatuo,
mtutu uliozibwa tangu kiwandani.
Naisugua kwa mswaki kama asuguaye meno ya mtoto,
kwa kukaza mkono na kuomba radhi.
Mafuta ya cherehani, tone moja.
Tone la pili hulowesha fataki,
na fataki iliyolowa ni bwana harusi mwenye usingizi.

Chumvi ya Tanga haina likizo.
Hula vitasa, hula spoku,
hula bati la msikiti na la kanisa bila kubagua.
Hula hata chuma kilicholala kabatini.

Kiwanda kilichoiunda kilifungwa zamani.
Nilinunua maiti mbili za aina yake
kwa shule moja ya Muheza iliyokuwa ikisafisha stoo,
nikazikata viungo kama mbuzi wa sadaka:
pini nne, nyundo mbili, skrubu za kujaza kiganja,
springi sita.
Nikazitia kwenye kopo la kahawa,
nikachora kwa msumari: USIGUSE.
Asiguse nani? Kopo lilikuwa langu.

Mwaka ule niliiona springi imechoka.
Naapa niliiona. Niliivuta nyundo kwa dole gumba,
ikarudi kama mtu aliyeitwa na mdai wake.
Nikalitikisa kopo, nikazisikia zote sita zikicheza ndani.
Nikasema bado, hii itavuka mwaka.
Akiba haiozi.

Mkwakwani. Mita mia, wasichana.
Kwenye alama zenu.
Tayari.
Mwalimu akafyatua —
                              tk.
Saba wakasubiri mlio.
Wa njia ya nne, Mwamtumu binti Kombo, wa Mwambani, miguu mitupu,
alitoka.
Alishafika katikati, peke yake, mikono ikikata hewa,
ndipo akasikia kuwa watu wanacheka.
Umeiba mbio, akaambiwa. Akatolewa nje ya chokaa.

Hakuiba. Nyundo ilianguka, amri ilitoka,
yeye tu ndiye aliyeisikia ilivyo ndogo.
Mimi nilikuwa jukwaani na karanga zangu.
Nilijua.
Nikaendelea kumenya.

Usiku nikalimwaga kopo mezani.
Tatu zilikuwa na kutu hadi moyoni,
moja ikakatika nilipoigusa.
Akiba haiozi, walisema waliokaa mbali na bahari.

Siku hizi nabadilisha kila Mei, hata kama ya zamani ina nguvu bado.
Utaishiwa, ananiambia Mwalimu.
Nitaishiwa. Imebaki moja.
Nimejaribu springi ya breki ya baiskeli, nimeipunguza kwa tupa:
kali mno, kifyatuo kinauma kidole.
Nitajaribu tena mvua zikikatika.

Mwamtumu ana baiskeli sasa, hupeleka maziwa Raskazone alfajiri.
Akileta mnyororo ulioruka meno, simtozi.
Mbona hivyo, fundi?
Namwambia ni kitu kidogo.

Juzi nilikuwa naipima nyundo, bila fataki,
naye amenipa mgongo, anahesabu chenji ya wateja wake.
Tk.
Hakugeuka. Hakuacha kuhesabu.
Mguu wake wa kulia ndio uliosogea.