Bolti Mbili

Fundi wa Katuba alinionyesha haro ya visahani:
inang'aa, yataka trekta.
Nikacheka. Trekta ya nani?
Nikachukua ya meno, ishirini na manne,
inayoachana katikati kwa bolti mbili
ili baiskeli ya Kisimba isivunjike mgongo.

Shamba moja liko Kasapa.
La pili, ng'ambo ya Kafubu.
La tatu nyuma ya kichuguu, njia ya Kipushi,
ndilo shemeji zangu wanalolitolea macho.

Mtoni tukaifungua:
meno kumi na mawili kichwani kwangu,
kumi na mawili begani kwa Kisimba.
Bolti moja ikadumbukia majini, *dumbu*,
kama iliyochoka nasi.

Kasapa udongo umekuwa unga.
Kafubu tumevuta nusu kwa kamba.
La tatu, mabonge.
Shemeji wanapita, wanayahesabu.
Mfukoni bolti iliyobaki
inagongana na ufunguo wa nyumba.