Daftari la Tatu

Aikande alirudi Moshi na masanduku matatu,
viatu vya mpira, mabega yaliyobabuka.
Miezi kumi na mmoja majini,
mtoto wa Uru, aliyejifunza kuogelea
kwenye mfongo unaokufika magotini.

Mama alitaka kujua kwanza walikuwa wakila nini.
Kisha: haya, umetuletea nini?
Akapanga chupa juu ya meza,
kati ya chumvi na redio yenye kitambaa chake cha kufuma:
konokono mwenye mbawa, mdogo kuliko punje ya ulezi;
kamba asiye na rangi, unayeona alichokula
kabla hujamwona mwenyewe;
samaki mweusi, taa inaning'inia kidevuni
kama mlinzi wa ghala la kahawa.

Mjomba Ndewario akazibua moja, akanusa,
akasema, pombe nzuri hii, mmeiharibu kwa samaki.

Nilicheka na wenzangu. Usiku nikayachukua madaftari.
Mimi ndiye niliyebaki:
kuuza misumari na bawaba karibu na soko la Mbuyuni,
kupalilia kahawa Jumamosi,
kumpeleka mama KCMC, kukaa benchini, kusaini fomu.
Nilitaka kuona siku zangu zile zilinunua nini.

Daftari la kwanza limejaa kutapika.
La pili, Kilatini na joto la maji.
La tatu lina ukurasa wenye duara la chai, na chini yake:

*Novemba, tarehe kumi na nne. Siku ya tisa bila nchi kavu.
Saa moja asubuhi, kereng'ende mmoja
juu ya kamba ya kuanikia nguo.
Rangi ya dhahabu iliyochuja. Bawa la kushoto limechanika.
Saa mbili, wamekuwa sita. Saa tatu nimeacha kuhesabu.
Mpishi anasema ni nzi tu.
Nahodha anasema upepo umewapoteza.
Hawajapotea. Wote wanaelekea kusini magharibi.*

Halafu, kwa mwandiko wa mbio:

*Hawa ni wale wa nyuma ya zizi.
Wale Aminieli alikuwa akiwafunga uzi.*

Nilisimama. Taa ya chemli ilikuwa ikitoa moshi
na sikuipunguza.

Ni kweli. Uzi mweusi wa cherehani ya mama,
fundo mkiani, kisha ninamwachia juu ya mfongo
vuli inapoanza, naye anavuta, anavuta,
mkono wangu ukisikia nguvu yake ndogo.
Nilidhani huzaliwa na mvua
na kufa mvua ikikatika.
Nilidhani ni wetu, kama siafu, kama migomba.
Kumbe nilikuwa nimemtia kitanzi mgeni
aliyevuka bahari nzima
bila kubisha hodi kwa mtu.

Asubuhi nilimwuliza dada,
mbona huyu hayumo kwenye chupa?
Alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho.
"Nilimshika. Kifuniko nilikuwa nacho mkononi."
Akamenya nyingine.
"Sasa, ungefanyaje? Alikuwa amebakiza safari."

Ameshaondoka tena, safari hii ni maziwa yenye magadi.
Mama alimwaga chupa mbili akidhani maji yameoza,
akazijaza iliki.
Samaki mwenye taa yuko juu ya kabati,
wajukuu hawapiti chumba kile peke yao.

Na vuli ilipoanza, Jumamosi moja sikupalilia.
Nilikaa ukingoni, miguu mfongoni,
peni ya dukani sikioni,
nikaandika nyuma ya risiti ya misumari:

Saa nne. Wanne.
Saa nne na robo. Kumi na mmoja, labda kumi na wawili.
Mmoja ametua kwenye mpini wa jembe.
Anahema.