Mkono wa Kozue

Kozue huja kila Jumanne, saa ya hesabu,
na tumbo lisilouma.
Nampa kipimajoto. Anakibana kwapani
kama kifaranga alichookota njiani.
Thelathini na sita nukta nne, kila wiki,
nami naandika daftarini: apumzike dakika kumi.
Tumeelewana. Kitanda cha dirishani ni chake.

Leo ni Alhamisi, na hakuja mwenyewe.
Ameletwa na wenzake wawili wanaosema kwa pamoja:
sanduku la kuruka, mwalimu, tabaka sita,
aliweka mikono vibaya, tumesikia —
mmesikia nini? —
kama kijiti.
Slipa yake moja imebaki ukumbini.

Nje, theluji ya Machi inaporomoka kutoka paani
vipande vizima, puu, puu,
na kila kishindo mabega yake yanashtuka.
Mdomo, kimya.
Mtoto aliyeniletea maumivu ya kubuni mwaka mzima
leo hana hata moja la kuniambia.

Sina mashine ya kuona ndani.
Nina macho, vidole kumi, na miaka kumi na tisa
ya kuosha kokoto kwenye magoti ya Hokkaido.
Nina pia Masanori, wa darasa la tano,
aliyecheka, akachezesha vidole vyote vitano,
Mwalimu, tazama!
Nikamfunga barafu, nikamrudisha kwenye somo la kuandika kwa brashi.
Siku ya tatu mama yake alisimama mlangoni hapa,
picha ya mfupa ndani ya bahasha,
akainama kunishukuru.
Kunishukuru! Bora angenitukana.
Tangu hapo simwulizi mtu, unaweza kuusogeza?
Mtoto hukupa unachomwomba.

Nipe kwanza mkono mzima, Kozue.
Huo wa kulia, usio na kesi.
Nataka kujua ulivyoumbwa kabla ya leo asubuhi.
Sasa huu. Usiuinue; nitaufuata mimi.
Nachukua mkasi.

Usikate.

Neno lake la kwanza.
Baba ndiye aliyeshona jina.

Natazama kifuani: herufi zimepinda upande,
uzi wa buluu umeishia njiani
akamalizia kwa mweusi.
Kumbe ndiyo Jumanne zote zile.
Sikati jina, namwambia. Naanzia mkononi,
nafuata mshono, na mshono hushonwa tena.

Kidole kimoja, kutoka kiwikoni, polepole.
Hapa? Hapana.
Hapa? Hapana.
Hapa?
Hasemi ndiyo. Anaacha kupumua.
Vidole viwili juu ya kifundo, upande wa gumba,
hapo ndipo.

Nabonyeza ukucha: unakuwa mweupe.
Moja. Mbili.
Uwaridi unarudi. Damu bado inaijua njia.
Nagusa ncha za vidole amefumba macho:
cha tatu, anasema. Cha mwisho. Gumba.
Yote sahihi, kuliko hesabu zake zozote.

Aliyesema samaki mkunje angali mbichi
hakuwahi kushika mfupa wa miaka tisa.
Huu hukunjika wenyewe, kama tawi bichi,
upande mmoja umechanika, mwingine umeng'ang'ania.
Siunyooshi. Ulivyo ndivyo ninavyoufunga:
gazeti la shule la Februari, limekunjwa mara tatu,
bendeji ya pembetatu, fundo kando ya shingo
lisimchome mfupa.
Maji? Hapana, si sasa. Pengine daktari atakulaza usingizi.

Kiwandani cha maziwa wanamtafuta baba kwenye mashine.
Nasikia chupa zikigongana simuni muda mrefu,
kisha sauti inayohema: Mkono upi?
Wa kushoto, namjibu.
Anaandikia upi?
Wa kulia.
Chupa, chupa, chupa.
Nakuja.

Tutatangulia kwa teksi. Dereva amewasha taa langoni.
Kozue anatazama kitanda cha dirishani.
Wakinifunga plasta, anauliza, Jumanne nije?
Una kwapa jingine, namwambia.

Halafu ndiyo analia, kwa sauti, vizuri,
na mimi nasimama naye hadi amalize,
teksi ikihesabu yeni zake,
kabla sijakimbilia ukumbini
kuifuata ile slipa.