Nenda Zako

Tenda wema, nenda zako.
Haya. Lakini funguo za lori zimo mfukoni mwa sajenti Dursun,
pasipoti yangu imo kwenye droo, droo ina kufuli,
nami, Gellért, mbeba vigae kutoka Hungaria,
nimekaa Refahiye juu ya benchi la bati
nikinywa glasi ya nne ya chai,
maana hapa hata mshukiwa hunyweshwa chai.

Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama aliyekataa kuamshwa.
Kwanza niliyaona matofaa, mekundu, mengi,
yakiteremka mlima yenyewe kwa yenyewe.
Kisha pikipiki ya magurudumu matatu, chali mtaroni,
gurudumu moja bado linazunguka.
Kisha mzee.

Bi Piroska wa ofisini alituonya sote, kidole hewani:
"Ugenini ukiona ajali, piga simu, usishuke.
Ukishuka, umo."
Basi nilipita. Niseme kweli, nilipita.
Mita mia mbili hivi, redio inaimba,
ndipo mguu ukakanyaga breki bila kuniuliza.

Nilirudi mbio, na kandambili zangu za kuendeshea.
Paja lake lilikuwa limefunguka. Nikavua skafu,
nikafunga, nikakandamiza kwa uzito wangu wote,
kilo mia na nne, kwa mara ya kwanza zimepata kazi.
Hakulia. Alitazama barabara, akasema: elma.
Kwetu tofaa ni alma. Neno lile lile,
lilisafiri kwa farasi kabla ya mipaka na mihuri yake.
Alma, nikamjibu. Elma, akanisahihisha.
Tukaendelea hivyo dakika ishirini,
watu wazima wawili tukibishania irabu moja,
ili asilale.

Magari yalipita. Moja lilipunguza mwendo,
mtu akatoa simu dirishani, akapiga picha, likaongeza.
Kisha watu wa kijiji wakashuka mteremko,
na kijana mmoja, mpwa wake nadhani, akanikwida
hata kabla hajamtazama mjomba.
Simlaumu. Aliona nini?
Mzee chini. Lori. Mgeni mwenye damu hadi viwikoni.
Na bampa langu lina bonde, la kulungu niliyemgonga Machi.
Nenda kamwite kulungu aje athibitishe.

Sajenti aliongea na simu, simu ikaongea nami
kwa sauti ya kike iliyonyooka kama rula:
Kama hukumgonga, kwa nini ulisimama?
Nikafungua kinywa.
Swali lina mantiki, ndilo linaloniudhi.
Asiye na hatia ana safari yake, ana vigae vyake, ana saa yake.
Anayepiga magoti kwenye lami ni mwenye deni.
Nikasema: "Sijui."
Simu ikatafsiri. Sajenti akaandika mstari
mrefu mno kwa neno fupi kama lile.

Nimeuliza kama mzee yu hai.
Wananionyesha kiganja: subiri.

Jioni akaja binti yake, Gülizar, kutoka hospitali,
uso umefumbwa. Hakunisalimu, hakunitukana.
Alizungumza na sajenti nyuma ya kioo,
mikono yake ikipima kitu hewani. Gari? Lori?
Alipotoka aliweka mbele yangu tofaa moja
lililobonyea upande.
Shukrani? Ushahidi?
Sikuligusa. Alama zangu za vidole
zimeshatosha kwa siku moja.

Sasa ni usiku. Droo haijafunguliwa.
Waliosema nenda zako
hawakuwahi kuulizwa mhuri wa kuingia.
Ipo barabara ya kurudi, na ukungu wake,
na huenda mtaroni yumo mwingine.
Bi Piroska simwogopi, wala sajenti.
Nauogopa mguu huu wa kulia.
Nautazama ndani ya kandambili,
una tone moja kavu juu ya kidole gumba,
sijui kesho utakanyaga wapi.