Chombo cha Ishirini na Tatu

Kalunde alipofariki aliniachia kabati
lenye vyombo ishirini na vitatu. Nilivihesabu
arobaini ilipopita na nyumba ikabaki na sauti ya saa.
Mimi ni mtu wa hesabu: miaka kumi na tisa
nilipima tumbaku ghalani, hapa hapa Tabora,
robota kwa robota, kalamu sikioni,
na hakuna mkulima aliyewahi kunidai kilo.

Vyetu ni ishirini na viwili.
Cha ziada ni bakuli la bati, jeupe,
lenye ua jekundu lililoliwa nusu na kutu,
na chini yake mtu amekwaruza msalaba kwa msumari.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Kalunde alikuwa akisema: kama huna kitu
tia majani ya maboga, tia kipande cha mkaa,
ila usimrudishie mtu upepo.
Nilimcheka. Upepo hauna uzito,
nilimwambia. Haudaiwi.

Nikachemsha michembe. Nikatwanga karanga,
nusu zikamwagika, kuku wakafanya karamu.
Nikafunika kwa kitambaa, nikazunguka nalo Isevya nzima
kama mtu aliyeokota mtoto.

Kwa mama Shija: si langu, lakini subiri,
akanitilia mfukoni nyanya chungu nne,
nilikuwa nadaiwa na marehemu.
Kwa fundi cherehani: si letu.
Akachukua mchembe mmoja, akatafuna,
akatazama dari, hakusema kitu.
Mtoto wa muuza asali ndiye aliyenionea huruma:
Babu, hilo la kwa Lutonja. Kila Ijumaa
linapita kwenye tundu la kuku, pale kwenye minyaa.

Lutonja.
Miaka mitatu bila salamu.
Aliazima pampu yangu ya baiskeli, akairudisha bila kichwa.
Nami mvua ya mwezi wa tatu ilipong'oa bati lake
akaja kuomba ngazi, nikamwambia ina mchwa.
Ngazi ni ya chuma.
Nililala vizuri usiku ule. Pampu huku, ngazi kule,
mshale wa mizani katikati, umetulia.

Kumbe chini ya mshale ule
wanawake wawili walikuwa wakipitishiana
mlenda, uyoga wa porini, dengu, habari za watoto,
bakuli likienda na kurudi,
likitusalimia sisi tusiosalimiana,
na mboga niliyoisifia kwa sauti
nusu yake iliiva kwenye moto wa Lutonja.
Nimekula kwake miaka mitatu.
Sikuandika popote.

Nilipiga hodi saa kumi na moja jioni.
Nyamizi alilipokea kwa mikono miwili,
akapiga goti kidogo, akalitazama lile ua,
akalitazama sana.
Lutonja alikuwa uani ananyoosha spoku za gurudumu.
Hakuinua kichwa. Sikukaribishwa kiti, wala sikukitaka.
Nilisema tu: ile ngazi haina mchwa.
Akasema: nilijua.

Siku ya tatu nikasikia minyaa inachakarika.
Bakuli, kwenye tundu, limefunikwa na jani la mgomba.
Ndani hamna mlenda, hamna uyoga.
Chumvi tupu. Konzi moja ya chumvi ya Uvinza.
Nikacheka peke yangu jikoni
mpaka jogoo akatoka nje.
Kwa hiyo waliila, ile michembe,
wote wawili, na hawakuimwaga.

Kesho Ijumaa. Kusonga ugali naweza, mlenda siujui.
Kuku mweupe ametaga mayai mawili.
Nimelisuuza bakuli, nimelipangusa,
nimeligeuza na kuugusa ule msalaba kwa kidole.
Ngazi nimeiegemeza upande wao.