Rula ya Plastiki

Mihambo alifika na shavu limeumuka kama andazi,
katoka Ipole kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi,
mkewe nyuma yake akisema: Ng'oeni tu, turudi.
Dokta Nyanzobe akamulika kurunzi.
Lina mizizi miwili, akasema, na mmoja umepinda.
Likitoka halirudi.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na Tabora hii, jamani, pembe zimepita
nyingi kuliko meno yetu sote.

Mimi si daktari. Mimi ni wa chumba cha pili,
mwenye koti lenye doa la zambarau lisilokubali sabuni.
Kijiti cha karatasi kilichochovywa ndani ya mzizi
huletwa kwangu kichupani,
nami nawafuga waliomo:
nawapa chakula, nawapa joto la mwili wa mtu,
nawalea kama vifaranga
ili kesho niwaue kwa kipimo.

Sahani sita. Tone moja katikati ya kila moja.
Klorini mpya, iliyofika wiki hii kwa treni.
Klorini ya chupa ya dirishani, inayotumika kila siku,
imepigwa na jua tangu Agosti, kizibo nusu.
Klorheksidini, isiyo na harufu ya ugomvi.
Maji ya chumvi.
Maji matupu, shahidi wangu.
Ya sita sikuipanga.
Mihambo alichungulia mlangoni, akacheka upande mmoja:
Sisi kidonda tunapaka asali. Mbona yangu hampimi?
Akatoa mfukoni chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.

Usiku umeme ulikatika mara moja, ukarudi.
Nilijua kwa feni.

Asubuhi nilichukua rula ya mwanangu,
imeng'atwa pembeni, nyuma ina jedwali la kuzidisha,
nikapima pale ambapo hakuna kilichoota,
kiwanja kilichofagiwa ndani ya ukungu.
Klorini mpya: milimita ishirini na nne.
Klorheksidini: ishirini na moja.
Chumvi: hakuna. Maji: hakuna. Vizuri.
Asali: kumi na moja.
Ya dirishani: tisa.

Nikafuta rula kwa koti. Nikarudia.
Tisa.

Dokta aliinua sahani kwenye mwanga, akakaa kimya,
halafu akasema kile nilichokuwa nakijua:
Na hapa wako uwanjani, Kalunde, wamelala wazi.
Ndani ya jino wana vichochoro, wana vyumba vya uani,
wana blanketi lao wanalolisuka wenyewe.
Kama hapa ni tisa, kule ni ngapi?
Sikuwa na rula ya kule.

Akalifungua daftari.
Jumatatu, chupa ya dirishani. Mgonjwa mmoja:
Pili Kazimoto, miaka kumi na sita, wa Ipuli,
jino la mbele, lilivunjikia kwenye netiboli.
Limesafishwa, limezibwa, limelipiwa,
tena limezibwa vizuri, ndiyo shida yenyewe:
mlango umefungwa na wageni wamo ndani.

Chupa ya dirishani nikaimwaga kwenye sinki.
Haikunuka hata kama nguo iliyofuliwa.

Mihambo amekaa kitini, ganzi imemshika, ulimi mzito:
Ashali yangu je?
Kumi na moja, nikamwambia.
Imemshinda mtu?
Imemshinda mmoja.
Akafurahi sana, akataka tummiminie mzizini.
Sukari, ndani ya jino? Dokta alisema. Funua mdomo.
Akafungua klorini mpya, akaandika tarehe kwenye kizibo
kwa kalamu isiyofutika.

Mimi niko korido na simu ya idara.
Namba ya Ipuli inaita, inaita, inakatika.
Labda yuko darasani.
Labda anatabasamu na mtu.
Napiga tena.