Madoa ya Kikombe

Kituo cha Mtambwe, msimu ukielekea mwisho,
niliandika magunia arubaini kwenye daftari.
Kumi na tano yana unyevu: karafuu unaipinda haivunjiki,
inalala tu kidoleni, laini kama ulimi.
Kumi na mbili yana makonyo.
Nikajumlisha. Ishirini na saba.
Kesho mkaguzi angetoka Chake, afumbe macho,
aweke kidole juu ya gunia lolote,
nami nilishamwandalia jibu:
katika arubaini, ishirini na saba yana ila.
Kumi na tatu safi.

Usiku nikatoka na tochi kuyahesabu yaliyo safi
(ndiyo maradhi ya makarani, kutoziamini kalamu zao).
Kumi na tisa.
Nikarudia, nikayagusa moja moja
kama mama anayehesabu wanawe gatini Mkoani.
Kumi na tisa, na harufu imenipanda kichwani.

Sita yametoka wapi?

Bikombo, mwanangu, yuko kidato cha tatu.
Alikuwa mezani na vitabu vyake, hakuniuliza kitu.
Akalivuta daftari
pale nilipotua kikombe cha chai mara mbili, bila kisahani,
na madoa mawili ya duara yakapandana ubavuni.
"Baba, hili doa ni unyevu. Hili makonyo.
Na hapa kati, palipokolea?"
Palikuwa pamekolea kweli. Chai juu ya chai.
"Hapa umepita mara mbili."

Akaniandikia pembeni, kwa hati ya haraka:
kumi na tano, ongeza kumi na mbili, toa sita.
Ishirini na moja kwa arubaini.
Nusu, na gunia moja juu yake.

Nikamuuliza, basi kila siku nitoe?
"Si kila siku. Gunia la daraja la kwanza
haliwi la tatu saa hiyo hiyo. Hayo hayakutani,
jumlisha ukalale.
Ila yanayoweza kukaa ndani ya gunia moja,
tazama kwanza yanapokutana."

Miaka kumi na sita nimesema "au" kwa mdomo huu,
chai au kahawa, leo au kesho,
nikidhani "au" ni mlango wa kupita mtu mmoja.
Kumbe ndani ya "au" mna "na" imejikunyata,
na mwenye pupa huilipisha mara mbili.

Kuilipisha. Hapo ndipo usingizi uliponikimbia.

Kanuni ya kituo imebandikwa juu ya mizani, naijua kwa moyo:
gunia lenye unyevu au makonyo likatwe elfu tano.
Nami nilikata kwa orodha hii,
nikafunua ukurasa, nikakata kwa ile.
Gunia la kumi na nane ni la Mkasi Asaa.
Mvua ilimkuta peke yake akianua jamvi,
makonyo alichambua usiku, kwa kibatari,
mume kitandani, macho yake mwenyewe yana ukungu.
Namba yake ipo kote kuwili.

Alfajiri nilitoka na noti sita za elfu tano.
Faki alicheka. Wawili walinishukuru kwa wasiwasi,
kama kwamba nitazitaka tena.
Mmoja hakuwapo, nikamwachia jirani, sijui kama ilifika.
Shaame akaniuliza kuhusu msimu uliopita,
na sikuwa na jibu.

Mkasi alifungua mlango nusu.
"Mie nilijua," akasema, "lakini nilidhani ndivyo,
mwenye dhiki mbili hulipa mara mbili."
Noti ilikuwa moja tu. Akaigeuza mbele,
akaigeuza nyuma, akaihesabu tena.
Sikumkataza.

Mkaguzi hakuja siku ile.
Ukurasa wenye madoa sijauchana.